Tukitaka Safari Rally Malindi, Tuhesabu Vitanda

Mkataba uliorudisha Safari Rally katika Mashindano ya Dunia ya Rali, yaani WRC, ulifungwa hadi mwaka 2026, na suala la nini kifuate limekuwa gumzo. Huku kwetu Malindi gumzo hilo lina sura yake: kwa nini rali iwe Naivasha kila mwaka, na Pwani tuna hoteli, bahari, uwanja wa ndege na barabara za vumbi tele? Nimelisikia swali hili kwenye baraza za kahawa, nimelisikia kwa madereva wa tuktuk, na nimelisikia kwa wenye hoteli ambao tangu wageni wa Kiitaliano waanze kupungua hawana usingizi. Wote huzungumza kana kwamba kinachogombewa ni magari. Naona tunabisha hodi mlango usio wake. Magari yenyewe mtazamaji wa rali huyaona dakika chache tu katika siku nne. Kinachoingiza pesa mjini ni saa za kusubiri na usiku wa kulala, na mji unaoomba rali bila kupanga hayo mawili unaomba vumbi.

Tuanze na tofauti ambayo wengi huivuka bila kuiona. Mbio za uwanjani, kama Formula One, humletea mtazamaji magari pale alipo. Unakata tiketi, unapewa kiti, na Jumapili magari yanakupitia mbele kila baada ya dakika moja na nusu hivi mpaka zitimie kilomita 305 na ushei. Ijumaa ni mazoezi, Jumamosi ni kugombea nafasi za kuanzia, Jumapili ndiyo yenyewe, na siku zote tatu mwenye uwanja anajua nani kaingia kwa lango gani na kalipa ngapi. Ndiyo maana Afrika Kusini, iliyoandaa mbio hizo mara ya mwisho Kyalami mwaka 1993, inatafuta kurudi kwa kukarabati uwanja, na FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, iliridhia mipango ya ukarabati huo Juni 2025. Rwanda nayo, kwa kauli ya Rais Paul Kagame mjini Kigali Desemba 2024, ilitangaza kuwa inaziomba. Huko kinachotangulia ni uwanja. Katika rali, mtazamaji ndiye anayeyafuata magari. Barabara inafungwa kwa kilomita kumi, ishirini au thelathini, kipande kinachoitwa mkondo, gari linaachiwa peke yake, jingine linalifuata baada ya dakika kadhaa, na mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake kwenye mikondo yote ni ndogo zaidi. Hakuna gari linalolipita jingine mbele ya macho yako ukashangilia. Hakuna lango, na sehemu nyingi hakuna tiketi.

Niliwahi kukaa Kedong, mkondo wa Naivasha chini ya mlima Longonot, na nilichojifunza kule ni kwamba wavuvi wa Malindi wangefaulu somo la kwanza la rali bila kufundishwa: ujue upepo unatoka wapi kabla hujatandika mkeka. Aliyekaa joshini, upande upepo unakotoka, anaona. Aliyekaa demani anakula vumbi la majivu ya volkano, ambalo huingia mpaka kwenye chupa iliyofungwa. Lazima ufike kabla hakujapambazuka vizuri, kwa sababu njia hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza, na ukishafungiwa huku huendi kule. Helikopta ndiyo husikika mwanzo. Kisha hupita magari ya usalama, lenye sifuri tatu ubavuni, lenye sifuri mbili, lenye sifuri pekee, na kila likipita watu husimama wakidhani ndilo, halafu hukaa. Inalia filimbi ya msimamizi wa njia. Juu ya vichaka vya leleshwa unanyanyuka mstari wa vumbi unaokimbia upande mmoja, mlio wa injini unakatika na kurudi, gari linatokea limekaa kiubavuubavu, mawe yanagonga chini ya bodi, na limekwenda. Sekunde kumi, kumi na tano. Aliyeinama kumimina chai amelikosa. Magari ya daraja la juu huwa kama kumi hivi, mengine ni ya madaraja ya chini na ya wenyeji, na mkondo uleule kwa kawaida hukimbiwa mara mbili, asubuhi na mchana. Siku iliyobaki yote ni kusubiri.

Hapo ndipo ninapoachana na wale ambao kila mwaka hulaani safari za "Vasha", yaani Naivasha. Lawama ni ileile: vijana wa Nairobi hawaendi kutazama rali, wanaenda kunywa na kucheza muziki, na ukiwauliza dereva Elfyn Evans ni nani hawajui. Huenda hawajui, na sioni kosa lao. Mchezo unaompa mtu sekunde kumi na tano kisha ukamwacha juani saa tatu lazima ujazwe na kitu, na Naivasha imejaza kwa nyama choma, spika kubwa na bia. Kanuni za mchezo hazikulazimisha hivyo. Wenye biashara waliona pengo wakaliziba kwa walichokuwa nacho. Mji mwingine unaweza kuliziba kwa kingine, na mji usioliziba kwa lolote utawaona watu wale wakija na mapipa yao ya barafu kutoka Nairobi, wakanywa, wakaacha takataka na kurudi zao. Watu wa huko wataitwa wenyeji wa mashindano, na mapato yao yatakuwa ni kufagia.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala wetu, na ndiyo inayopigiwa makofi zaidi, ni ya urithi: kwamba Safari ilikuwa ikifika Pwani tangu zamani, tukanyang'anywa. Kufika ilifika. Mashindano yalianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwemo katika msimu wa kwanza kabisa wa WRC mwaka 1973, Shekhar Mehta akayashinda kwa Datsun, na miaka mingi njia yake iliteremka mpaka Mombasa. Wazee wanaolitaja jina la Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, hawazungumzi hadithi. Lakini Safari ile ilikuwa ya kilomita maelfu, kwenye barabara zilizo wazi, dereva akikutana na lori la mkaa, ng'ombe na basi la abiria, na miaka ya mwisho helikopta ikitangulia juu kumwonya. Safari hiyo ilitoka WRC baada ya 2002 kwa sababu za fedha na maandalizi, na haikurudi. Iliyorudi Juni 2021, ambayo Sébastien Ogier aliishinda baada ya Thierry Neuville kuvunjikiwa gari siku ya mwisho akiwa anaongoza, ni mashindano ya namna nyingine: mikondo yote imefungwa kwa magari mengine, jumla yake ni kilomita mia tatu na kitu, na karibu yote huzunguka kambi moja ya mafundi. Anayedai urithi anadai kitu ambacho Naivasha haina. Hakuna mwenye nacho.

Umbo hili jipya ndilo lililoipa Naivasha nafasi. Kule kuna ranchi kubwa, Kedong, Loldia, Soysambu, ambazo mwandaaji huzungumza na mwenye ardhi mmoja au wachache wakamaliza, na Nairobi iko kilomita tisini hivi. Sasa angalia nyuma ya mji wetu. Toka hapa uelekee Marafa: kila hatua chache ni nyumba, mikorosho, minazi, shule ya msingi, zahanati, kisima, watoto barabarani. Kuifunga njia hiyo kuanzia alfajiri mpaka saa kumi jioni, siku mbili au tatu, ni kumfungia mjamzito njia ya hospitali, na hakuna mdhamini atakayelibeba hilo likitokea. Upande wa Gede kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, na anayedhani magari yatapitishwa mle anaota mchana. Lamu siitaji kabisa. Kisiwani kule punda ndiye mwenye barabara na amezoea heshima yake. Zinabaki nyika za Galana na Kulalu kwa magharibi, na mashamba ya mkonge ya Vipingo kusini, ambako unaweza kwenda kilomita kadhaa bila kukuta mlango wa mtu. Ndiyo ardhi tuliyonayo kwa kazi hii. Si haba, lakini haitoshi kwa raundi nzima ya dunia, na anayesema inatosha angetuchorea mikondo hiyo kwenye ramani tuione.

Wapo wanaosema tusijali mikondo, tujali televisheni: dunia itaiona Malindi. Ninaielewa tamaa hiyo ila siiamini. Picha za angani zilizotoka Naivasha zilionyesha mlima, twiga na vumbi, na zilikuwa picha nzuri. Ila Malindi haina upungufu wa kujulikana. Vasco da Gama aliijua mwaka 1498, nguzo yake bado imesimama, na huko Italia ni wengi wanaoutaja mji huu bila kutazama ramani. Tunachokosa ni sababu ya mgeni kulala usiku wa tatu na wa nne.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni ya maadili, na walioitoa ni watu ninaowaheshimu. Wanasema umati wa wikendi moja huja na ulevi, na ulevi huja na mengine, na Malindi inajua kuliko miji mingi utalii mbovu huwafanya nini watoto wa watu. Hapo hakuna cha kubisha. Kinachonifanya nisifunge mlango ni kwamba hatari hiyo hukua pale ambapo umati hauna mpangilio na hauna mahali pake, watu wamesambaa kwenye vibanda na fukwe usiku bila mtu wa kuwasimamia. Mgeni aliyekuja na familia, akalala nyumba inayojulikana, akaondoka alfajiri na gari la mwenyeji kwenda mkondoni na kurudi jioni kuoga na kula, ana hatari ndogo kuliko kijana aliyelala ndani ya gari maegeshoni. Yupi kati ya hao tutampata inategemea tunachokipanga kabla hajafika.

Kuna kitu kingine ambacho umbali unatufanyia, nacho sijakisikia kikisemwa. Kutoka Nairobi hadi Malindi ni kama kilomita mia sita, ukihesabu mia nne na themanini hivi za Mombasa na mia moja na ishirini za pwani. Watu hulitaja hilo kama pingamizi: mashabiki hawatakuja. Kweli, wengi hawatakuja. Umati wa Naivasha ni wa Nairobi. Wengi huondoka nyumbani usiku, hutazama, na jioni wako Thika Road. Mtu wa namna hiyo anaacha Naivasha pesa ya mafuta na ya chakula kimoja. Atakayekuja Malindi hawezi kurudi jioni. Atapanda treni mpaka Mombasa au ndege mpaka hapa, na akishafika atalala, pengine usiku tatu, kwa sababu mchezo wenyewe ni wa Alhamisi hadi Jumapili na kati ya mkondo na mkondo hana pa kwenda. Watu elfu mbili wa aina hiyo, kama nyumba zipo tayari, watauachia mji pesa nyingi kuliko elfu ishirini wa kupita. Lamu inalijua hili siku nyingi, japo haijaliita kwa jina la uchumi: mgeni aliyevuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, kwenda kutazama mashindano ya majahazi au ya punda hawezi kutazama akaondoka saa ileile, na kule kusubiri kwake ufukweni ndiko kunakomlisha mama wa mahamri na mbaazi, mwenye chumba cha juu cha kukodisha, na nahodha wa jahazi la matembezi ya jioni.

Tukilikubali hilo, swali la tarehe linakuwa zito kuliko swali la barabara. Safari ilifanyika Juni kuanzia 2021 hadi 2023, kisha ikahamishiwa Machi. Kwa sisi wa huku tarehe hizo mpya zilikuja na jambo ambalo Nairobi halikuzungumzwa sana: mwaka 2024, 2025 na 2026, mashindano yote matatu yaliangukia ndani ya Ramadhani. Sijui mtu gani aliyefunga atakaa Kedong jua la saa saba na vumbi kooni, akingoja gari la sekunde kumi. Mwezi unarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo kuanzia 2027 huenda Machi ya mwisho mwisho ikawa nje yake. Lakini Machi kwa Malindi ni mwezi wa kaskazi, hoteli zenye wageni bado zina wageni. Wakati wetu mkavu wa biashara ni Aprili mpaka Juni, masika yanaponyesha na milango ya hoteli nyingi inafungwa kabisa, na mvua hizo hizo zinaugeuza udongo wa Galana kuwa tope la kumeza lori. Safari za zamani za Pasaka zilijengewa jina na tope hilo, ila mtazamaji wa leo hatakaa ndani yake kwa hiari. Mimi ningetazama Septemba: kusi limetulia, mvua za vuli bado, wageni wa Agosti wamekwisha kuondoka na wa Krismasi hawajaja. Hapo kitanda kimoja kilichojazwa ni faida kamili, kwa kuwa bila rali kingelala kitupu.

Usalama nao si wa kuachiwa waandaaji peke yao. Katika rali mtazamaji yuko mita chache kutoka gari linalokimbia, na aghalabu katikati yao kuna utepe tu. Mwaka 1986 huko Ureno gari lilitoka njiani likaingia kwenye umati na watazamaji watatu wakafa. Mwaka huohuo, baada ya kifo cha Henri Toivonen na mwenzake huko Corsica, magari ya kundi lile lililoitwa Group B, yenye nguvu kupita kiasi, yalipigwa marufuku. Magari ya leo yamejengwa vizuri zaidi kwa anayekaa ndani. Aliyesimama nje ya kona, upande gari linakotupwa likiteleza, hajajengewa chochote. Kumfundisha kijana wa Gongoni au wa Garashi asimame ndani ya kona na juu ya kilima, asivuke baada ya gari la kwanza akidhani yamekwisha, ni kazi ya miezi, kupitia shule, misikiti, makanisa na redio za hapa. Filimbi ya asubuhi moja haifanyi kazi hiyo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama Malindi iombe Safari Rally ya dunia, jibu langu kwa sasa ni hapana, na silisemi kwa unyonge. Raundi ya WRC hubebwa na hazina ya taifa, na Naivasha ina miaka kadhaa ya kuizoea. Tunachoweza kuomba, na tukapewa, ni raundi ya mashindano ya kitaifa, au usiku kadhaa wa Safari Classic, ile ya magari ya zamani iliyoanzishwa 2003, ambayo Pwani si ngeni kwake. Classic haina umati mkubwa, lakini washindani wenyewe na mafundi wao ni wageni wa kulala, na gari la zamani la Porsche au Escort likiegeshwa mbele ya hoteli jioni, mtoto wa mitaa yetu ya Shela au Maweni anaweza kulisogelea na kumwuliza fundi anafanya nini. Hilo la kuongea na fundi halipatikani mkondoni hata ukingoja siku nzima.

Na tukipewa, kaunti isitangaze kwanza idadi ya magari wala jina la mgeni wa heshima. Itangaze vyumba vingapi vimesajiliwa na kwa bei gani, ili yasitokee yale ya bei kupanda mara tatu usiku wa kuamkia mashindano na mgeni akaapa harudi. Itangaze magari ya kuwapeleka watu mkondoni yanaondoka saa ngapi na kutoka wapi, choo kiko wapi, maji na kivuli vitatoka wapi, nani anauza chakula na kalipa nini kwa nafasi hiyo. Wenyeji wa vijiji vilivyo kando ya njia waambiwe mapema barabara itafungwa saa ngapi na ambulensi itapita wapi, nao wakikataa, mkondo uhamishwe. Kisha Jumatatu asubuhi watu wa takwimu wapite nyumba za kulala, kuanzia zile za vyumba vinne za Barani mpaka hoteli za ufukweni, wakaulize Jumamosi walilala wangapi. Kama vitanda havikujaa Septemba kwa raundi ndogo iliyopangwa vizuri, havitajaa Machi kwa raundi kubwa, na Naivasha tuwaachie vumbi lao.